Kazi ya Mikono Si ya Walioshindwa Masomo

Hapa Uvira, mashariki mwa Kongo, mtoto akifaulu vizuri hupelekwa seksheni ya bayolojia na kemia. Akiyumba, huambiwa aende ufundi. Nyuma ya uamuzi huo kuna imani kwamba kichwa ndicho kinachosoma, mikono ni ya walioshindwa. Naipinga kwa nguvu zote. Ndiyo inayotupatia vijana wenye diplomu ya serikali waliosoma viungo vya samaki ubaoni bila kumpasua mukeke hata mmoja, na ziwa Tanganyika liko pale chini ya barabara.

Wazazi hawakuizua imani hiyo wenyewe. Wakati wa Wabelgiji shule nyingi zilikuwa za misheni, na kulima shamba la misheni kulikuwa sehemu ya maisha ya mwanafunzi. Chuo kikuu chetu cha kwanza, Lovanium, kilifunguliwa mwaka 1954, miaka sita tu kabla ya uhuru. Babu zetu walicheleweshewa kalamu wakapewa jembe, kwa hiyo wana haki ya kulitilia shaka. Lakini kosa halikuwa la jembe. Kosa lilikuwa kumlimisha mtoto bila kumwacha aulize.

Mwalimu Julius Nyerere wa Tanzania, aliyefundisha katika shule ya Pugu kabla ya kuacha ualimu kwa ajili ya siasa, aliliona hilo. Katika Elimu ya Kujitegemea ya Machi 1967 alitaka shule ziwe na mashamba na karakana, na alitaka pia wanafunzi washiriki katika maamuzi: pesa tulizopata zikodi trekta, au zifanye kazi nyingine shambani? Hapo ndipo palipokuwa na somo lenyewe, hesabu na udongo na uraia kwa pamoja. Shule nyingi zilichukua jembe zikaacha maamuzi. Watoto wakalima, wakubwa wakapanga, na wazazi wa Tanzania wakanung'unika kama tunavyonung'unika sisi. Wazo likalaumiwa kwa sehemu yake iliyotekelezwa vibaya.

Kwingineko, mwanafalsafa John Dewey alipofungua shule yake ya majaribio Chicago, Marekani, mwaka 1896, watoto walipika, walifuma na kuchonga mbao, wakaifikia kemia na hesabu kwa njia hiyo. Miongoni mwao walikuwemo watoto wa maprofesa. Nani atasema walikuwa wameshindwa masomo?

Sisi tuna ziwa lenye kina cha karibu meta 1,470, ambalo maji yake ya chini hayana oksijeni. Tuna ndagala wanaovuliwa kwa taa usiku wa giza, na wavuvi wanaojua kwa nini mbalamwezi huwaharibia kazi. Kituo cha Utafiti wa Hydrobiolojia, CRH, kiko mjini humu humu. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika ukaua makumi ya watu, na mwaka 2024 ziwa lilipanda likaingia majumbani. Ni shule ngapi zilizosimamisha mti wenye alama ufukweni, watoto wakaandika kila wiki maji yamefika wapi?

Najua madarasa yamefurika tangu masomo ya msingi yalipofanywa bure mwaka 2019, na mishahara ya walimu ni duni. Hata hivyo mti, kamba na mizani ya kuazima sokoni havingoji msaada kutoka Kinshasa.

Mzazi, kwenye mkutano ujao wa kamati ya wazazi usiishie kuuliza mwanao amekuwa wa ngapi. Muulize mwalimu watoto wamepima nini muhula huu, na nani aliamua kipimwe.