KIA ni yetu, mbona daladala inaishia njia panda?

Kijana mwenzangu wa Bomang'ombe, hebu tuulizane. Ndege za Ulaya na Uarabuni zinatua jirani na kwenu, mlio wake unausikia ukiwa kijiweni. Sasa dada yako akirudi kutoka Omani, utakwenda kumpokea vipi?

Utapanda Kosta ya Moshi kwenda Arusha, utabanwa mlangoni, kisha konda atakushusha njia panda ya KIA. Basi! Mbele yako kuna lami ya kilometa 6 hivi, jua la utosi, na daladala hata moja haikati kona kuingia. Chagua mwenyewe: bodaboda, teksi au miguu yako. Mtalii yeye hana shida, gari la safari linamsubiri mlangoni. Mlalahoi ndiye wa kutembea.

Wenzetu je? Nairobi, matatu namba 34 inatoka katikati ya mji mpaka uwanja wa Jomo Kenyatta. Dar es Salaam, daladala za Gongo la Mboto zinapita Barabara ya Nyerere, unashuka jirani kabisa na uwanja. Sisi tumekosa nini?

Usidanganyike kwamba KIA ni ya watalii. Ilifunguliwa mwaka 1971, enzi za Mwalimu. Mwaka 1998 ikakodishwa kwa kampuni ya KADCO, yenye wanahisa wa nje, kwa miaka 25. Baadaye serikali ikanunua hisa zao, na mwaka 2023 uwanja ukarudi kwa Mamlaka ya Viwanja vya Ndege. Funguo zimehama mikono, lakini zile kilometa 6 ziko palepale! Mwenye mali ni nani, kama si wewe unayelipa kodi kila unaponunua sukari?

Wapo watakaosema abiria hawatoshi. Wafagiaji, walinzi, wapagazi, makarani na wapishi wanaoingia zamu kila siku, hao si abiria? Wengine watasema vijana wa boda watakosa riziki. Hapana. Ndege za usiku na mwenye haraka watabaki kuwa wateja wao.

Leseni ya njia inatolewa na LATRA. Haidai mabilioni wala mfadhili, inadai mtu wa kuuliza. Diwani wako akiitisha mkutano, usiishie kupiga makofi. Simama umuulize: daladala ya Bomang'ombe mpaka KIA inaanza lini? Mbunge naye akija kuomba kura, mpe swali hilo hilo, tena mbele ya watu.

Kwa leo, ukienda kumpokea mtu, fika njia panda mapema na mpatane bei kabla hujapanda. Lakini usizoee. Ukizoea kushushwa njia panda, kila siku watakushusha hapo hapo.