Kakao Yetu na Hatari ya Mbegu Moja

Kutoka Mahagi-Port, ukingoni mwa Ziwa Albert, tunapenda kutafakari pamoja nanyi jambo linalosikika sasa hata katika mazungumzo ya baada ya ibada: kakao. Mwezi wa 12 mwaka 2024, tani moja ilipita dola 12,000 katika soko la New York, wakati miaka michache kabla ilikuwa kati ya dola 2,000 na 3,000. Mwaka 2025 bei iliteremka sana, lakini habari ilikuwa imekwisha kuenea. Kule Mambasa, Irumu na Beni kakao ni zao la tangu zamani. Sasa wandugu wa kwetu, waliozoea samaki, muhogo na kahawa, wanauliza watapata wapi mbegu.

Ni swali jema. Sisi tunaongeza lingine: mbegu za miti mingapi?

Kahawa ilitufundisha nini

Wazee wetu wanakumbuka namna robusta ilivyokufa. Ugonjwa wa kunyauka, ambao wataalamu wanauita trakeomikozi, huletwa na kuvu inayoziba njia za maji ndani ya mti. Majani yanalegea, kisha mti wote unakauka. Wakati wa Wabelgiji ugonjwa huo ulikwisha kuonekana Kongo, na watafiti wa Yangambi wakachagua miti iliyouvumilia. Ukatulia. Baadaye ukarudi katika sehemu za Isiro, ukashuka mpaka Beni. Mwaka 1993 ulionekana Bundibugyo, Uganda, na mwaka 1996 Tanzania, upande wa Kagera. Uganda ilipoteza karibu nusu ya miti yake ya robusta.

Wakulima wengi wa Beni na Bundibugyo waliingia katika kakao kwa sababu kahawa yao ilikuwa imekufa. Kwa hiyo kakao tunayoisifu leo ilistawi kwa sehemu juu ya kaburi la kahawa. Tusisahau hilo haraka.

Waganda walipata njia gani? Watafiti wao walijaribu miti mingi ya namna mbalimbali mbele ya ugonjwa ule, wakapata saba iliyosimama, wakaipa majina KR1 mpaka KR7. Kama miti yote ingekuwa ya damu moja, wangetafuta wasipate hata mmoja. Utofauti wa mbegu ndio uliokuwa akiba yao.

Kakao nayo imekwisha kuonja msiba

Asili ya kakao ni msitu wa Amazon, Amerika ya Kusini. Mwaka 2008 watafiti walionyesha kwamba huko kuna makundi 10 ya kakao yanayotofautiana kwa uzao. Lakini Afrika ya Magharibi kwa muda mrefu ilipanda hasa kundi moja, Amelonado. Wanaghana wanamkumbuka Tetteh Quarshie, aliyeleta mbegu kutoka kisiwa cha Fernando Po mwaka 1879. Taifa zima lilinufaika. Mwaka 1936 ukagunduliwa huko ugonjwa wa virusi unaovimbisha matawi, na mamilioni mengi ya miti yakakatwa ili kuuzuia.

Brazil, katika jimbo la Bahia, ugonjwa uitwao ufagio wa mchawi uliingia mwaka 1989, na katika miaka kumi hivi mavuno yakaanguka vibaya. Miti iliyosaidia kupata kinga ilitoka wapi? Sehemu kubwa ilitokana na ile ambayo mtafiti F. J. Pound aliikusanya katika Amazon ya Peru miaka ya 1930, miaka mingi kabla ugonjwa huo haujaingia Bahia.

Hapa kuna neno zito. Mahindi unaweza kuyakausha ukayaweka ghalani. Mbegu ya kakao ikikauka inakufa, na baridi kali inaiua vilevile. Namna kuu ya kuihifadhi ni kuiacha isimame kama mti. Trinidad wana shamba la namna zaidi ya 2,000, zote miti hai, na kila mti unahitaji mtu wa kuupalilia mwaka baada ya mwaka.

Nani atapalilia kwetu? Tangu mwisho wa mwaka 2017 vita vya Djugu viliwakimbiza watu wengi, na mwanzoni mwa 2018 makumi ya maelfu walivuka ziwa hili kwenda Uganda. Beni, Irumu na Mambasa, wakulima wameuawa na waasi wa ADF ndani ya mashamba yao ya kakao, na mavuno yameibwa. Mti hauwezi kukimbia pamoja na mwenyewe. Amani ikikosekana tunapoteza watu kwanza, halafu tunapoteza hata mbegu ambazo watoto wao wangezihitaji.

Neno la Mungu na hesabu ya mkulima

Katika Mwanzo 1 Mungu anaiita nchi itoe mimea yenye mbegu, kila mmoja kwa jinsi yake, naye anaona kuwa ni vema. Wingi huo ni kazi ya mkono wake. Mhubiri 11 anamshauri mkulima apande asubuhi na asilegeze mkono jioni, kwa maana hajui ipi itafaulu. Mhubiri hamlaumu mkulima kwa kutojua. Anamfundisha kupanga kazi yake kama mtu asiyejua kesho.

Lakini mama mwenye watoto sita atatujibu: mimi nataka mbegu inayozaa sana, tena upesi. Ana haki. Shamba la mchanganyiko halizai sawasawa, na mti unaohifadhiwa kwa ajili ya kesho haulipi minerval ya mwaka huu. Tusimtwike yeye peke yake mzigo wa wote. Hapo ndipo kanisa linapoingia. Makanisa yetu mengi yana viwanja tangu wakati wa wamisionari, kando ya shule na vituo vya afya. Kipande kidogo kinaweza kubeba gharama ambayo nyumba moja haiwezi.

Tunapendekeza mambo manne. Kwanza, kitalu cha kanisa, yaani pepinyeri, kichukue matunda kutoka miti mingi mizuri ya mashamba mbalimbali, na kila mstari uandikwe ulikotoka. Tena kuna faida ya karibu: miti mingi ya kakao haikubali unga wa maua yake yenyewe, inahitaji jirani wa uzao mwingine ndipo izae. Pili, tusivushe miche kutoka ng'ambo kwa siri, maana magonjwa husafiri ndani yake. Tuwaulize kwanza wataalamu wa kilimo, wakiwemo wa INERA Nioka, hapa katika teritware yetu ya Mahagi. Tatu, tusing'oe muhogo, ndizi na kahawa yote kwa ajili ya bei ya mwaka mmoja.

La nne ni gumu zaidi. Kwetu, mwenye kupanda mti wa kudumu anaonekana kuwa mwenye udongo. Kupanda kakao katika shamba la jirani aliyekimbia vita ni kumfungia njia ya kurudi. Habari ya Ahabu na shamba la mizabibu la Nabothi, katika 1 Wafalme 21, inatuhusu. Wazee wa kanisa waulize historia ya kila kiwanja kabla ya kubariki mche wa kwanza.

Bwana awape hekima katika shughuli hii, na awarudishe waliokimbia wavune walichopanda.