Benki ya Mkulima Katika Mwaka wa Neema

Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ya Tanzania ilifuta leseni za benki tano zilizopungukiwa mtaji, zikiwamo Benki ya Wananchi Meru na benki ya ushirika ya wakulima wa Kagera. Siku hiyohiyo Benki ya Ushirika Kilimanjaro ilipewa takriban miezi sita ijitafutie mtaji. Fidia ya Bodi ya Bima ya Amana wakati ule ilikuwa na ukomo wa shilingi 1,500,000, ilhali akaunti moja ya chama cha msingi hubeba jasho la kijiji kizima.

Benki yetu ilinusurika. Aprili 2025, baada ya kuunganishwa na benki ya wananchi wa Tandahimba, ilizaliwa upya Dodoma ikiwa Benki ya Ushirika ya taifa. Je, imejiandaa kwa yajayo?

Udhaifu wa benki ya mlimani ni kwamba wakopaji wake wote hunyeshewa, au hunyimwa, mvua moja. Mwenye duka wa Kidia na mwendesha bodaboda hawalimi, lakini kahawa ikianguka nao huanguka. Mgawo wa Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulipovunjika Julai 1989, bei iliporomoka na wapo waliong'oa mibuni. Kuchanganya kahawa na korosho kunapunguza hatari ya mvua na magonjwa. Hatari ya soko la nje inabaki palepale, kwani mazao yote mawili bei yake huamuliwa mbali nasi.

Benki Kuu ilitoa mwongozo kuhusu hatari za tabianchi mwaka 2022. Ni jambo jema, ila mwongozo haujui kama mfongo wa Tsuduni bado una maji. Ofisa mikopo ndiye anayepaswa kujua hilo, pamoja na umri wa mibuni ya mkopaji. Ajue pia kwamba kihamba cha ukoo ni dhamana ya karatasi tu. Nani atathubutu kukinunua mnadani? Tena mbuni mpya huchukua miaka kama mitatu kabla ya kuzaa vyema. Anayempa mkulima mkopo wa miezi 12 ili apande miche upya amekwisha kumwandikia deni sugu.

Februari 2025 kahawa ya arabika ilivuka dola 4 kwa ratili huko New York. Katika msimu wa namna hiyo kila benki humwona mkulima kuwa mkopaji mwema, na wanahisa hudai gawio nono. Mimi nasema hapo ndipo akiba ya hasara inapopaswa kunenepeshwa na gawio kubanwa, hata mkutano mkuu ukipiga kelele (na utapiga, nawafahamu ndugu zangu). Nataka pia benki itangaze kila mwaka, kwa Kiswahili na kwenye mbao za vyama vya msingi, ni sehemu gani ya mikopo yake imeegemea kahawa na korosho, na itabaki na mtaji kiasi gani bei zikipungua kwa nusu.