Barua ya Msituni: Mkungu Mmoja wa Ndizi

Kwetu ni Ituri, upande wa Mambasa. Barua ya mwezi huu imechelewa, kwa kuwa gari la mizigo lilizama topeni likaziba njia, hata baiskeli hazikuweza kupita kwa siku nne. Ninyi mkaao katika nchi ya nyasi mwajua mvua kuwa na majira yake. Kwetu hunyesha karibu mwaka mzima, ikapumzika kidogo tu mwezi wa Januari na Februari.

Mwalimu mmoja wa nchi ya nyasi aliniandikia akiuliza, "Ninyi mnaokaa katika msitu wenye rutuba namna hiyo, mwapataje kuona njaa?" Nilisoma swali hilo mbele ya wazee, wakacheka sana. Rutuba ya msitu i katika miti yenyewe, na katika majani yaangukayo na kuoza; udongo ulio chini hauna nguvu nyingi. Sisi hukata miti wakati wa ukavu, tukachoma, tukapanda karanga na mahindi na mpunga, kisha mihogo na migomba. Mwaka wa kwanza shamba hutupa kwa mikono miwili. Mwaka wa pili hutupa kwa mkono mmoja. Mwaka wa tatu kichaka hutushinda, nasi hatuna budi kuliacha na kukata pengine. Tena kila mwaka, karanga za kwanza kabla hazijakomaa, ghala huwa tupu, watoto wakala mihogo kwa sombe asubuhi, na sombe kwa mihogo jioni.

Basi miezi hiyo nani hutuletea nyama na asali? Nani hutuletea majani ya mangongo ya kuezekea nyumba, na mikono ya kupalilia mpunga magugu yanapoota upesi kuliko tuwezavyo kung'oa? Ni Wambuti. Wao hutega nyavu msituni, wanaume wakishika nyavu, wanawake na watoto wakifukuza wanyama kwa kelele. Nao hutaka kwetu mihogo, ndizi, chumvi, na vyuma vya kulimia na kukatia. Wazee wetu walibadilishana nao hivyo, nyumba kwa nyumba, baba akimrithisha mwanawe urafiki huo. Hata wavulana wao na wetu walitahiriwa pamoja jandoni. Zamani za Wabelgiji vijiji vyetu viliamriwa kuhamia kando ya barabara, walakini mapatano yale hayakukatika.

Lakini neno moja limeingia katika mapatano hayo, nalo lanichoma moyoni. Twasema "Wambuti wangu," kama mtu asemavyo "mbuzi wangu."

Mwezi uliopita mama mmoja wa Kimbuti alipalilia mpunga wa nyumba moja ya waumini siku sita, mtoto akiwa mgongoni. Siku ya sita akapewa mkungu mmoja wa ndizi, mdogo, na nusu yake umekwisha kuiva mno. Hakuja kwangu kumshitaki mtu. Alikuja kuuliza kama nina chumvi kidogo. Mke wangu ndiye aliyemwuliza habari ya siku zile sita, naye akajibu bila hasira, kama mtu aelezaye habari za mvua. Mtu wa kijiji akitulimia, siku moja tu, twampa bakuli mbili za mpunga, na chakula cha mchana juu yake.

Nilikusudia kwenda kuwaonya wenye shamba lile. Nikavaa viatu, nikafika mlangoni, nikatazama juu, nikaliona paa langu mwenyewe. Mangongo yale yaliletwa na ndugu wawili wa Kimbuti pamoja na wake zao, kazi ya siku tatu, mizigo vichwani. Niliwapa shati kuukuu. Nikavua viatu.

Na hao ndugu ni wana wa nani? Yanipasa kuandika hili, ingawa si rahisi kwangu. Mwaka 2002 vita vilipoingia Mambasa, mimi nilikuwa kijana. Watu waliuawa, Wambuti na wanakijiji pamoja. Tulikimbilia msituni usiku, mama yangu na wadogo zangu, pasipo moto wala chungu. Baba yao wale ndugu alitukuta asubuhi ya pili, tumeketi chini ya mti mkubwa wa mbau kama kuku walionyeshewa. Akatuongoza hata kambini kwake, mbali na njia ya askari. Majuma matatu tulikula alichokula. Mke wake alitujengea kibanda cha fito na mangongo, maana kwao kujenga ni kazi ya wanawake, na mimi kijana wa shule sikujua hata kuinamisha ufito. Hakuhesabu siku, wala hakusema sisi ni watu wake.

Husemwa na wengine, "Ukimpa Mmbuti malipo kamili atayanywa yote." Yawezekana. Nami siku za soko nimewaona wanakijiji waliolipwa kamili wamelala kando ya njia, wala hakuna aliyesema wapunguziwe ujira.

Tena serikali ya Kongo ilitoa sheria tarehe 15 Julai 2022, Na. 22/030, ya kulinda na kukuza haki za Wambuti na jamaa zao wa misitu mingine ya nchi hii. Niliwasomea wazee habari zake. Mmoja akasema sheria hiyo bila shaka ilipanda gari lile lililozama.

Walimu, neno kwenu. Majira ya asali yakifika, watoto wa Kimbuti hufuata wazazi wao msituni, nanyi mwayafuta majina yao katika daftari na kuandika "mtoro." Wakirudi hawana mahali pa kuketi, nao hawaji tena. Lakini fikirini habari ya okapi. Wataalamu wa Ulaya walimwandika vitabuni mwaka 1901, dunia ikastaajabu. Na mababu wa watoto hao walikuwa wakimjua mnyama huyo kwa nyayo zake na kwa majani ayapendayo. Hifadhi ya Okapi ilipowekwa mwaka 1992, ilikuwa juu ya msitu ambao wao huusoma kama ninyi msomavyo ubao. Katika shule yetu tumejaribu jambo dogo: jina halifutwi, bali huandikwa "yuko asalini," na akirudi hupewa mwenzake wa kumsomea yaliyopita. Mwaka jana walitoka watoto saba, wakarudi watano. Mwaka uliotangulia hakurudi hata mmoja.

Kikao cha wazee kilikutana Jumamosi. Palikuwa na maneno mengi na makali, na mzee mmoja aliondoka kabla ya mwisho, akisema nawaharibia watu desturi za baba zao. Waliobaki walikubali kwamba bakuli za mpunga ziwe mbili kwa yeyote apaliliaye siku moja. Nyumba ile niliyoitaja ilipeleka mpunga na chumvi kwa yule mama, usiku, ili wasionekane.

Nami nilikwenda kambini na jembe jipya na panga. Yule mzee sasa haoni vema. Alilipima jembe mkononi, akalipigapiga kwa ukucha kusikia sauti yake, akauliza, "Mwalimu, paa lako linavuja tena?"