Mzazi Si Mchukuzi wa Mgonjwa

Imezoeleka kudaiwa kwamba mtoto aliyeugua akili ni wa daktari, na kwamba kazi ya mzazi ni kumfikisha mlangoni, kutia saini, kisha kurudi kwake akangoje. Dai hili lina sura ya utaalamu, lakini ndani yake mna dhuluma mbili: kwa mzazi aliyefanywa mchukuzi, na kwa mtoto anayerejeshwa katika nyumba isiyofundishwa kumpokea.

Chukua mfano wa Ruhuwiko, kata ya Manispaa ya Songea. Kutoka hapo hadi Mirembe, hospitali ya taifa ya maradhi ya akili iliyoko Dodoma, ni safari ya zaidi ya kilomita 600. Mtoto akilazwa huko, mzazi mwenye shamba la mahindi na wana wengine hawezi kukaa naye. Mwishowe hurejeshewa mwana na mfuko wa vidonge. Nani atakayetambua kuwa usingizi umeanza tena kukatika, kwamba mtoto anasemezana na asiyeonekana, kwamba vidonge vinafichwa chini ya godoro? Si daktari wa Dodoma. Ni mama wa Ruhuwiko, naye ndiye asiyeelezwa kitu.

Wapinzani watajibu: wazazi ndio waharibifu. Humficha mtoto uani, humwita mwendawazimu mbele ya wageni. Hutokea, hakuna wa kukanusha. Mwaka 1972 George Brown na wenzake walionyesha, huko London, kwamba wagonjwa wa skizofrenia waliorudi kwa jamaa wenye lawama na ukali walirudiwa na maradhi zaidi kuliko waliorudi kwa jamaa watulivu. Lakini hoja hiyo yawageukia wenyewe. Ikiwa ulimi wa nyumbani waweza kumrudisha mgonjwa wodini, basi ulimi huo huo, ukifundishwa, waweza kumkinga. Wapenzi wa ushairi hawana haja ya kuelezwa uzito wa neno.

Tena jambo hili limekwisha kujaribiwa nchini. Mpango wa KUPAA, yaani Kuwezeshana Kupata Uzima, uliwakalisha pamoja wagonjwa na jamaa zao, Dar es Salaam na Mbeya, wakajifunza maradhi, dawa na namna ya kuishi pamoja. Hao walikuwa watu wazima. Mtoto, asiyeweza hata kwenda kliniki peke yake, anastahili zaidi. Na lililowezekana Mbeya halina sababu ya kushindikana Songea. Wala wa Unguja asijitoe: Kidongo Chekundu iko karibu, lakini ukaribu wa jengo si ukaribu wa mazungumzo.

Linalodaiwa si hisani. Mzazi aelezwe maradhi kwa lugha aifahamuyo, na bibi asemaye Kingoni atafutiwe mkalimani. Asitukanwe kwa kuwa alianzia kwa mganga. Naye akubali kukosolewa, na aheshimu siri ambayo mtoto amemkabidhi daktari. Anayemdhulumu mwanawe, huyo asikaribishwe mpaka mtoto awe salama.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba nusu ya maradhi ya akili huanza kabla ya umri wa miaka 14, mtoto angali chini ya paa la wazee wake. Hospitali humpa nafuu. Kupona hukamilika nyumbani, na nyumbani kuna wenyewe.