Metropolitani wa Nyikani

MWIBA, na Bin Karisa

Jumamosi iliyopita nilimsindikiza shemeji yangu kwenda kununua ploti. Ninyi wa safu hii mnamjua: ndiye yule wa sungura, kisha wa kware, kisha wa miche ya parachichi iliyokua ikawa mizambarau. Dada yangu alinipigia simu usiku akaniomba niandamane naye nikamshike mkono. Alimaanisha mkono ule wenye pochi.

Basi la bure lilituchukua mjini alfajiri, lina maji ya chupa na kwaya kwenye spika. Tukapita Mlolongo, tukapita Kitengela, kisha lami ikatuaga. Tuliposhuka tulikuwa kwenye tambarare ya Kajiado ambayo hata punda milia angeuliza njia. Palikuwa na hema jeupe, viti vya plastiki, jenereta, mbuzi watatu wasiojua kwa nini wamealikwa, bikoni zilizopakwa rangi nyekundu, na bango kubwa kuliko nyumba yoyote iliyoonekana, maana nyumba haikuonekana. Juu ya bango, kwa herufi za dhahabu, pameandikwa kwamba hapa ni metropolitani. Chini yake ghorofa, bwawa la kuogelea, na Mzungu anakimbia na mbwa.

Nikamtafuta dalali, kijana mwenye suti ya buluu na viatu vyenye ncha.

“Maji yako wapi, kijana?”

“Mzee, hii ni Nairobi Metropolitani.”

“Nimesoma bango. Maji?”

“Yanakuja. Metropolitani lazima yafike.”

“Na stima?”

Akanyoosha kidole hadi upeo wa macho, penye kitu ambacho huenda kilikuwa nguzo na huenda kilikuwa twiga. Shule? Metropolitani. Zahanati? Metropolitani. Shemeji yangu alikuwa amekwisha kuanza kutikisa kichwa kwa ile heshima anayowapa watu wanaotaka pesa zake.

Mpaka hapo hasira yangu ilikuwa ya kawaida, ile ya kila Jumamosi. Kijana huyu anauza vumbi kwa hamsini kwa mia, na vumbi halijawahi kukosa mnunuzi katika nchi hii. Tena hakulibuni neno lake. Serikali yenyewe mwaka 2008 iliunda wizara nzima ya kustawisha Nairobi Metropolitani. Mwaka 2020 tukaletewa NMS, yaani Nairobi Metropolitan Services, jeshi likakabidhiwa taka, maji na barabara za jiji chini ya Jenerali Badi, na mwaka 2022 ikafungwa. Katika ramani za wapangaji, metropolitani hiyo inameza Kiambu, Machakos, Kajiado na hata Murang’a. Ukizaliwa Murang’a leo, umezaliwa jijini bila kusogea. Kijana amelikuta neno limelala barabarani, akaliokota.

Kilichonitoa povu kilikuja saa tano, ndani ya Probox mbili zenye taa zinazomweka.

“Tusimame sote,” MC akapaza sauti, “tumpokee Mtukufu Askofu Mkuu, Metropolitani wa Afrika Mashariki, Afrika ya Kati na Ughaibuni!”

Tukasimama. Mkenya husimama kwanza, akauliza baadaye. Akashuka mtu wa makamo, joho la zambarau, pete ya kuzuia jua, fimbo yenye kichwa cha shaba, na mabegani, Mungu nisamehe, utepe mweupe wenye misalaba myeusi. Nikautambua. Wakatoliki huuita Pallio Takatifu. Unafumwa kwa sufu ya wanakondoo, na huhusishwa na sikukuu ya Watakatifu Petro na Paulo, tarehe 29 Juni, pale Roma. Askofu mkuu wa kanda, ndiye metropolitani, lazima auombe kwa Papa ndani ya miezi mitatu. Huu wa Kajiado nadhani uliombwa kwa fundi wa Gikomba.

Akabariki bikoni moja baada ya nyingine kwa mafuta ya mzeituni, akitangaza ghorofa juu ya kila moja. Alipomaliza akatutaka “tupande mbegu” kabla ya supu kuletwa, na simu zikatoka mifukoni. Shemeji akapanda. Kule kushika mkono kulishindikana hapo.

Wakati wa chakula nilisogeza kiti changu karibu na mtukufu. Sikwenda kwa nia njema.

“Baba Askofu, shikamoo. Metropolitani ana maaskofu wangapi chini yake?”

“Mtumishi, wanaoonekana au wasioonekana?”

“Wanaoonekana.”

“Hao Bwana anaendelea kuwaandaa.”

“Na jiji lako ni lipi?”

Akainua mfupa wa ubavu aliokuwa akiushughulikia, akazungusha tambarare nzima pamoja na mbuzi wawili waliosalia. “Hili.”

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba yeye na kijana wa suti ya buluu wanafanya biashara moja. Mmoja anauza jiji lisilo na watu, mwenzake anauza uaskofu usio na waumini, na wote wamekula jina la mtu asiyekuwapo kujitetea.

Niwatetee basi wenye jina, maana hakuna mwingine aliyetumwa. Wagiriki wa kale walipotuma watu kwa majahazi kwenda kuanzisha miji mipya, mji walikotoka uliitwa metropoli, mama mji. Wahamaji walibeba moto kutoka katika mahali patakatifu pa mama ili wawashe wa kwao. Na mama alikuwa na deni. Sirakusa, binti wa Korintho, walipozidiwa na madhalimu mwaka 344 kabla ya Kristo, waliandika kwa mama, na Korintho wakamtuma jemadari Timoleoni kwenda kuwaokoa. Waarabu nao huiita Makka Ummul-Qura, mama wa miji. Sisikii mahali popote mama akitakiwa kuwa na bwawa la kuogelea.

Warumi wakalichukua neno kwa miji mikuu ya mikoa yao, na Kanisa likafuata mikoa hiyohiyo. Mtaguso wa Nisea mwaka 325 uliamua kwamba askofu mpya wa mkoa hathibitishwi bila metropolitani. Kazi ndiyo hiyo: kukaa mji mkuu na kuwaangalia wadogo zako.

Na utukufu je? Kwetu Malindi jimbo liko katika kanda ya Mombasa, pamoja na Garissa. Askofu Mkuu wa Mombasa, metropolitani halali mwenye pallio lake, hana mamlaka ya kumhamisha hata katekista wa Malindi. Sheria ya Kanisa inampa aangalie imani isipotoke, ampe Papa habari mambo yakiharibika, na mambo machache ya dharura kama jimbo likikaa bila askofu na wahusika wakazembea kumpata msimamizi. Basi. Cheo kikubwa, rungu dogo. Mtukufu wa Probox angeisoma kanuni hiyo angerudisha utepe kwa fundi kesho yake.

Wala cheo hicho hakifuati ghorofa. Nakuru imekuwa jiji tangu 2021, Eldoret tangu 2024, na zote mbili bado zina askofu wa kawaida, mmoja katika kanda ya Nairobi, mwingine ya Kisumu. Nyeri si jiji, haijawahi kuwa, lakini ina askofu mkuu ambaye kanda yake inapanda hadi Marsabit, mpakani na Ethiopia. Dalali angesemaje akienda Nyeri? Angeuza baridi.

Waorthodoksi wana vurugu lao: kwa Warusi metropolitani yuko juu ya askofu mkuu, kwa Wagiriki yuko chini. Lakini angalau wanajua yuko juu ya nani. Uganda walikuwa na Metropolitani Yona Lwanga wa Kampala hadi alipofariki 2021. Babu yake, Obadia Basajjakitalo, ndiye aliyeungana na Reuben Spartas kuanzisha uorthodoksi huko tangu 1929, na wakasubiri hadi 1946 ndipo Patriaki wa Aleksandria akawatambua. Miaka kumi na saba kutambuliwa tu! Wa kwetu alitambuliwa na MC kati ya wimbo na tangazo la gari lililoziba njia.

Wapo waliolitumia neno vibaya kabla yetu, sikatai. Wafaransa walipokuwa na makoloni waliiita nchi yao métropole, nao wakawakamua watoto wote mpaka damu. Nairobi yetu imejifunza kwa mama huyo zaidi kuliko kwa Korintho. Inachukua mchanga wa Machakos, inachukua maji ya Murang’a kutoka bwawa la Ndakaini, kisha inamtuma kijana wa suti ya buluu arudi Kajiado kuwauzia wakazi wake wenyewe jina lake, kwa malipo ya awamu.

Tuliporudi basini shemeji alikuwa na risiti. Alinionyesha huku akiifunika nusu kwa kidole gumba, kama anavyofanya siku zote, ili nisione tarakimu. Niliona. Nikamuuliza atamweleza nini dada yangu. “Nitamwambia tumepata Metropolitani,” akasema.

Juzi kijana yule alinitumia ujumbe, maana niliandika nambari yangu pale mezani ili nipewe supu. Kuna awamu nyingine mwezi ujao, Murang’a, karibu na bwawa hilohilo, na safari hii anadai maji yataonekana kwa macho kabisa, ila si ya kuchota. Supu ipo, basi lipo, na atakayebariki ni mtukufu yuleyule. Lakini mwaliko unatuomba sana tuangalie namna ya kumwita tutakapompokea, kwa kuwa tangu Jumamosi amepandishwa cheo. Sasa ni Patriaki.