Mchunga ng'ombe analipwa, mlezi wa watoto anaambiwa "Mungu akubariki"

Luvungi, wilaya ya Uvira, Kivu ya Kusini. Jua halijatoka vizuri na watoto wameisha kufikishwa kwa mama mmoja wa kartie yetu. Akina mama wanapita na majembe, wanaelekea kwenye mashamba ya mpunga, wengine wanaenda sokoni na mabasini yao ya ndagala. Kila mmoja anaacha mtoto wake mlangoni: tisa, kumi, siku zingine kumi na wanne. Aliyekumbuka unga wa uji anauacha. Aliyesahau anasema "nitaleta kesho". Mama huyo anabaki nao mpaka magaribi, kisha ndiyo kazi ya nyumba yake mwenyewe inaanza: maji, kuni, bugali, mume, watoto wake sita.

Ukiuliza watu anafanya kazi gani, wanakujibu: "Hana kazi, anabaki tu na watoto."

Hiyo "tu" ndiyo ninaipigania leo, ndugu wasomaji. Huku kwetu bondeni mwa Ruzizi, mwenye ng'ombe hawezi kumpa mtu mifugo yake bila mapatano. Wanakaa chini, wanasikilizana juu ya malipo, maziwa ya siku fulani ni ya mchungaji, na akigonjwa mtu mwingine anashika fimbo. Hakuna anayemwambia mchungaji kwamba ng'ombe ni baraka, achunge bure. Kwenye soko, hata kijana anayelinda mapikipiki anapewa kitu. Mtoto ndiye anaachwa bila mapatano.

Mwaka jana mama huyo alishikwa na malaria. Alitetemeka chini ya kikwembe siku tatu, na watoto waliletwa siku zote tatu, kwani nani angewabakisha? Siku ya pili alisinzia kidogo. Mtoto wa miaka miwili akatoka, akafika kwenye barabara ya taifa namba 5, ile ile ya malori yanayotoka Uvira kuelekea Kamanyola na Bukavu. Mwendesha moto mmoja alisimama, akamnyanyua. Jioni wazazi walimlaumu mama kwa sauti kubwa. Nilikuwa pale, sikusema neno, tena mimi mwenyewe nilikuwa na deni lake la miezi miwili. Niandike hilo nisije kuonekana mtakatifu.

Sisi watu wa barabara hii tunajua inavyokula watoto. Tarehe 2/7/2010, pale Sange, lori la mafuta lilianguka, likawaka, na watu zaidi ya 200 walikufa, watoto wengi kati yao. Kuchoka kwa anayelinda watoto kando ya barabara kama hiyo ni shauri la kartie nzima.

Sasa kuna wale wanaokuja na mabango ya mafunzo. Wanawakusanya walezi, wanaojitolea kwenye nafasi za michezo ya watoto wakimbizi, na familia za mapokezi zinazolala na watoto waliopotezana na wazazi vitani. Wanawaambia: jitunzeni, lala vya kutosha, tenga saa yako peke yako, pumua polepole. Maneno mazuri. Lakini atalala saa ngapi, na saa hiyo nani atashika watoto? Kumwambia mtu apumzike bila kumpa mtu wa kumpokea ni kumwongezea kazi nyingine, ya kujiona mwenye kosa kwa kuchoka.

Serikali nayo isijifiche. Masomo ya bure yaliyoanza Septemba 2019 yanahusu shule za msingi za serikali. Maternele ilibaki mgongoni mwa wazazi, na mwalimu wake anangojea feza za wazazi wanaongojea mavuno. Sheria ya kazi ya 2002 inasema masaa 45 kwa juma. Mama wa kartie yetu anayamaliza siku ya ine.

Na mahali mlezi mkubwa amechoka, tunaweka mdogo. Kule Dar es Salaam na Nairobi, yaya ni mtu wa kazi, ana mshahara, hata kama ni mdogo. Kwetu yaya ni dada mkubwa, kwa hiyo jina lenyewe linaficha kazi. Msichana wa miaka tisa anafunga mdogo wake mgongoni, darasa linampita, na sisi tunamsifu kwamba ana akili ya mama. Sheria ya 10/1/2009 ya ulinzi wa mtoto inamuita mtoto kila mtu asiyefikisha miaka 18. Yeye naye alipashwa kulindwa na mtu.

Najua jibu: hakuna feza, kuna vita. Ni kweli. Lakini mpunga unavunwa hata hivyo, na likelemba zinaendelea hata hivyo. Akina mama kumi wanaoacha watoto kwenye nyumba moja waweze kukubaliana kilo fulani za mpunga kila mavuno, zipimwe mbele ya watu kama tunavyofanya kwa mchunga ng'ombe. Kila siku mmoja kati yao abaki kama mtu wa pili, ili mlezi aweze kwenda hospitali, ao kulala tu. Makanisa yetu yana mapaa makubwa yanayokaa matupu kuanzia siku ya kwanza mpaka siku ya posho. Wachungaji wafungue milango. Na akina baba wanaokaa chini ya mwembe wakicheza drafti mchana mzima, mikono yao inaweza kushika mtoto. Mtoto hauliza kama mkono ni wa mwanaume.

Deni langu nimelilipa. Siku ya posho hii mimi na jirani wawili tutabaki na watoto kutoka asubuhi mpaka saa nane. Mama ameisha kusema atakachofanya: atalala.